Leseni ya Lori Huanzia Kitabuni

Katika visiwa vyetu imezoeleka kuuona udereva kuwa ni kazi ya mikono na miguu. Kijana huanza kwa utingo. Huosha gari, hupakia mchanga na mawe, hujifunza gia kwa kumtazama mkubwa wake, na siku moja mkubwa wake akishuka kunywa chai yeye hulisogeza lori hatua kumi, na tangu hapo hujihesabu kuwa dereva. Kwa mtazamo huo, mtihani wa maarifa unaotangulia leseni ni usumbufu wa makarani tu, jambo la kuvukwa upesi ili mtu aifikie kazi yenyewe. Leo twataka kulipinga wazo hilo, kwa hoja na kwa mfano.

Mfano wenyewe umetoka mbali. Mpwa wangu mmoja, mzaliwa wa Wete, anaishi Marekani pamoja na mkewe na watoto wao. Kama wasemaji wengine wa Kiswahili waliohamia nchi ile kutoka Kongo, Burundi na pwani yetu, aliiona kazi ya malori makubwa kuwa ni mlango wa riziki, kwani haidai shahada ya chuo kikuu. Akaenda kufanya mtihani. Maswali yalikuwa 50, na anayetaka kufaulu hana budi kupata 40. Yeye alipata 36.

“Mjomba,” aliniambia kwa simu, “maswali yalikuwa yale yale, lakini yamevaa nguo nyengine.”

Nilipomuuliza zaidi, ilidhihirika kwamba kitabu hakukisoma. Alikuwa na karatasi za maswali na majibu zilizopita mkono kwa mkono miongoni mwa wenzake, naye akazihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi asichokijua maana. Swali lilipogeuzwa maneno mawili matatu, hifadhi yake yote ikapukutika.

Yafaa kwanza tueleze mtihani huo ulitoka wapi. Hadi miaka ya 1980, katika majimbo kadhaa ya Marekani mtu mwenye leseni ya gari dogo aliruhusiwa kupanda lori la trela na kuondoka nalo. Na wako madereva waliokuwa na leseni za majimbo mawili au matatu, wakifungiwa moja hutumia nyingine. Mwaka 1986 ilipitishwa sheria ya usalama wa magari ya biashara, na majimbo yote yakapewa hadi tarehe 1 Aprili 1992 kuhakikisha kwamba kila dereva wa magari hayo amefaulu mitihani ya kiwango kimoja na ana leseni moja tu. Hivyo mtihani haukuzaliwa na ukaidi wa ofisi. Ulizaliwa na ajali na makaburi.

Taratibu zake ni hizi. Anayetaka leseni ya daraja A, yaani ya magari yenye trela ambayo kwa jumla yamekadiriwa uzito wa zaidi ya ratili 26,000, karibu kilo 11,800, na trela yake ikiwa imekadiriwa zaidi ya ratili 10,000, hufanya kwanza mtihani wa maarifa ya jumla. Huo kwa kawaida huwa na maswali 50. Hufuata mtihani wa breki za upepo na ule wa magari yenye trela, ambayo kwa kawaida huwa na maswali 25 na 20. Katika yote, alama ya kufaulu ni 80 kwa mia. Akifaulu hupewa leseni ya mwanafunzi, ambayo hana budi kukaa nayo siku 14 kwa uchache kabla ya kujaribiwa barabarani. Na tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeomba leseni hiyo kwa mara ya kwanza hawezi kujaribiwa barabarani mpaka afundishwe na mwalimu au skuli iliyoandikishwa na serikali ya shirikisho.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Kila jimbo hutoa kitabu cha mwongozo bila malipo, na maswali hutolewa humo humo. Kitabu hicho kimegawanywa kwa milango. Wa pili unahusu uendeshaji wa salama, wa tatu upakiaji wa mizigo, wa tano breki za upepo, na wa sita magari yenye trela. Hiyo, pamoja na utangulizi, ndiyo nguzo kwa mtafutaji wa daraja A. Mabasi, matangi na mizigo ya hatari vina milango yake, kwa wanaovihitaji. Milango ya mwisho ni ya majaribio ya vitendo: ukaguzi wa gari, kulimudu gari uwanjani, na kuliendesha njiani. Mwenye kuijua ramani hii hapotezi usiku wake kwa yasiyomhusu.

Lakini kukisoma kitabu hakutoshi, ikiwa msomaji haulizi “kwa nini” kila anapofika kwenye kanuni. Na tutoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza. Ni lori lipi huhitaji masafa marefu zaidi kusimama: lililosheheni au lililo tupu? Wengi, hata wazoefu, hujibu upesi kwamba ni lililosheheni. Kitabu chasema kinyume. Breki, matairi na springi za gari zito zimeundwa zifanye kazi vyema gari likiwa na mzigo wake. Likiwa tupu, matairi hayakandamizwi barabarani sawasawa. Gari hurukaruka, magurudumu hujifunga, na lori likateleza. Aliyekariri jibu atalisahau siku ya mtihani. Aliyefahamu sababu halisahau. Na muhimu zaidi, atalikumbuka jioni anaporudi na gari tupu, mvua ya masika inanyesha na watoto wanatoka madrasa.

Mfano wa pili ni masafa ya kusimama. Kitabu hicho chaeleza kwamba gari linalokwenda maili 55 kwa saa, yaani karibu kilometa 88, kwenye barabara kavu, hupita futi 142 dereva akiwa bado anatambua hatari, futi 61 nyingine mguu ukihama kuelekea breki, na futi 216 breki zikifanya kazi. Jumla ni futi 419. Breki za upepo huongeza futi 32, kwa kuwa upepo huchukua muda kupita katika mabomba, ambapo mafuta ya breki za gari dogo hufanya kazi papo hapo. Hizo ni zaidi ya futi 450, karibu mita 137. Na tujaalie dereva amesimama kwenye goli la uwanja wa mpira: ameona mtu, ameshika breki, amevuka uwanja wote, amepita goli la pili, na bado lori linakwenda. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, masafa ya kushika breki huzidi mara nne, si mara mbili. Mwenye kuyafahamu hayo hahitaji askari wa kumwambia apunguze mwendo.

Mfano wa tatu ni mteremko. Kanuni yasema dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, na asingoje mpaka gari limeshika kasi; kwani hapo gia huenda ikakataa kuingia, naye akabaki hana nguvu ya injini ya kumzuia. Kisha achague mwendo wa salama, tuseme maili 40 kwa saa. Akiufikia, abane breki kwa nguvu ya kutosha, kiasi cha sekunde tatu, mpaka mwendo ushuke kufika 35, aachie, ukipanda tena kufika 40, abane tena. Kwa nini asiweke mguu moja kwa moja mpaka chini? Kwa sababu breki ni msuguano, na msuguano ni moto. Breki iliyokanyagwa bila kuachiwa huchemka, na iliyochemka hupungua nguvu, mpaka dereva akakanyaga asipate kitu. Madereva wetu waliowahi kuteremka Kitonga, katika barabara ya Iringa, wanalijua jambo hili kwa macho. Kitabu hulieleza ili wengine wasilijue kwa damu.

Mpwa wangu alipojiandaa mara ya pili, alibadili njia. Alijipa wiki tatu. Kila usiku alisoma kipande kimoja, akafunga kitabu, kisha akaandika katika daftari kwa Kiswahili sababu ya kila kanuni. Kesho yake, kabla ya kufungua kipande kipya, alimweleza mkewe kile cha jana, na palipomtatiza mkewe ndipo alipojua kwamba na yeye mwenyewe hapajamkaa. Maneno ya Kiingereza ya sehemu za gari aliyaandika pembeni, kila moja na kazi yake. Maswali ya mazoezi aliyaacha hadi wiki ya mwisho, ajipime, si ajifunze kwayo. Safari hii alipata 46. Kwa furaha yake hakutaja alama kwanza. Alisema: “Mjomba, sasa naogopa lori kwa adabu.” Sikupata kusikia tafsiri bora ya maarifa ya udereva.

Kwa vijana wetu wanaokusudia njia hiyo, hatuna budi kuongeza tahadhari mbili. Kwanza, sheria ya huko yamtaka dereva wa biashara aweze kusoma na kuzungumza Kiingereza cha kutosha kuelewa alama za barabarani na kuwajibu wakaguzi. Na tangu tarehe 25 Juni 2025 wakaguzi wameamriwa kumzuia asiendelee na safari yule atakayeshindwa. Basi Kiswahili kimsaidie mtu kufahamu maana, lakini Kiingereza asikikimbie. Pili, masharti ya leseni hizo kwa wasio raia yamekuwa yakibadilishwa tangu mwaka 2025. Mtu na aulize ofisi ya leseni ya jimbo lake kabla ya kulipa ada ya skuli, asije akauza mikarafuu ya urithi kwa ajili ya leseni asiyoruhusiwa kuipata.

Je, sisi tuliobaki visiwani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Barabara zetu ni fupi, ni kweli, na huku kwetu magari hupita kushoto ilhali kwao hupita kulia. Lakini uzito haujui mpaka wa nchi. Lori la mawe linaloteremka vilima vya Pemba hutii kanuni ile ile ya moto na msuguano; gari tupu linalorudi kutoka Makunduchi huteleza kwa sababu ile ile; na mzigo usiofungwa vyema humwangukia mpita njia wa Mkokotoni sawa na wa Chicago. Tena sisi twaishi karibu na barabara. Vibaraza vyetu, maduka yetu na skuli zetu viko hatua chache kutoka kwenye lami. Kosa la dereva kwetu halina uwanja wa kupotelea.

Kwa hiyo twawaelekea wakuu wetu wenye dhamana ya usafiri na usalama barabarani, kwa heshima, na mapendekezo matatu. La kwanza, mwongozo wa dereva wa magari mazito uwe wa Kiswahili fasaha na chepesi, wenye picha, utolewe bila malipo, na ufike Micheweni na Kizimkazi kama unavyofika Mjini. Na kila kanuni iandamane na sababu yake. La pili, maswali ya mtihani yatungwe kutoka kitabu hicho, lakini maneno yake yabadilishwe mara kwa mara, ili karatasi za majibu zinazouzwa vichochoroni zikose soko. La tatu, asiyejua kusoma vyema asifungiwe mlango wala asipitishwe kwa kuonewa huruma. Hata Wamarekani, katika sheria yao, wameruhusu mtihani wa maarifa kutolewa kwa maandishi, kwa mdomo au kwa mashine. Kinachopimwa ni ufahamu wa mtu, wala si uzuri wa mwandiko wake.

Nao wenye malori wasijitoe. Tajiri anayemnyima tingo wake saa moja ya kusoma kwa sababu kuna safari ya mchanga, huenda akalilipa saa hilo kwa gari zima, na kwa roho isiyolipika. Wahenga walikwisha kutuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Twamalizia kwa kuwaambia vijana wanaojiandaa, hapa na ng'ambo: msiuone mtihani kuwa ni ukuta kati yenu na riziki. Uoneni kuwa ni mahali pa kukosea pasipo na mtu wa kufa. Aliyekosa maswali 14 mezani alirudi nyumbani, akala chakula cha usiku na wanawe, akafungua kitabu upya. Barabarani, kosa moja tu lingetosha kumnyima yote hayo, au kumnyima mwingine.