Tiba ya Ulevi Ianzie Dispensari

Mraibu wa pombe wa Kakamega haji kliniki kusema kwamba pombe imemshinda. Anakuja kwa sababu presha haishuki ijapokuwa anameza dawa, au kidonda cha mguu kimekataa kupona, au TB imerudi baada ya vidonge kurukwarukwa. Muuguzi hutibu kilichomleta, humwandikia tarehe ya kurudi, naye huenda zake Matungu au Shinyalu bila mtu kumuuliza anakunywa nini na kiasi gani.

Swali hilo lina uzito zaidi huku kwetu. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, uliliweka eneo la Magharibi mbele ya maeneo yote nchini: asilimia 23.8 ya watu wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wanywaji, karibu mara mbili ya kiwango cha taifa cha asilimia 12.2. Kunywa si kuugua, na busaa ina nafasi yake ya heshima kwenye sherehe za Waluhya. Ila palipo na wanywaji wengi, waliokwisha kunaswa nao hawawezi kuwa wachache.

Jibu linalopendwa na wanasiasa ni kujenga kituo cha kurekebisha waraibu. Jengo lina utepe wa kukatwa. Maswali ya muuguzi hayana. Wapo wagonjwa wanaohitaji kulazwa, sikatai. Lakini mkata miwa anayeishi kwa kibarua hawezi kutoweka nyumbani miezi mitatu, na jamaa zake wakilazimika kulipa, anayeuzwa ni ng'ombe.

Kazi inayoweza kufanyika dispensari ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Shirika la Afya Duniani lina dodoso liitwalo AUDIT: maswali 10, kila jibu pointi 0 hadi 4. Mojawapo huuliza ni mara ngapi katika mwaka uliopita ulihitaji kinywaji asubuhi ili uweze kuamka baada ya kulewa sana, jambo ambalo wanywaji wetu huliita kutoa loki. Anayefikisha pointi 8 yuko kwenye hatari na apewe ushauri. Akifika 20, huenda mwili wake umeshakuwa tegemezi, naye achunguzwe kwa makini zaidi.

Ushauri huo autoe nani, ilhali wataalamu wa akili ni haba? Jibu liko Eldoret, kama kilomita 100 kutoka hapa. Katika utafiti wa RAFIKI, watu 614 wanaoishi na virusi vya Ukimwi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kukabiliana na kiu ya pombe, kwa vikao sita vya kila wiki, na waliofundisha walikuwa washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, si madaktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kundi hilo lilipunguza unywaji kuliko lile lililopewa elimu ya afya tu. Huko Goa, India, washauri wa aina hiyo walijaribiwa kwa wanaume 377. Baada ya miezi mitatu, asilimia 36 ya waliopata ushauri walikuwa wameshuka chini ya pointi 8. Wasioupata, asilimia 26. Si muujiza, lakini ni tofauti ambayo ningeifurahia katika dawa yoyote.

Kuna jambo moja linalonitia hofu, nalo ni kuacha ghafla. Chifu akimwaga chang'aa ya kijiji kizima, au familia ikimfungia mtu chumbani ili anyooke, mwili uliozoea pombe kila siku huanza kutetemeka na kutoka jasho. Degedege laweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza. Wengine, kati ya siku ya pili na ya nne, huweweseka na kuona visivyokuwepo, na watu wakadhani wamerogwa. Hali hiyo huua. Muuguzi aliyefunzwa huuliza kama mtu amewahi kupata degedege alipoacha; akijibu ndiyo, apelekwe hospitali inayoweza kumlaza. Mwenye dalili hafifu anaweza kutibiwa akitokea nyumbani, mradi aonwe kila siku na asikose vitamini B1. Msako usio na kliniki nyuma yake ni hatari ambayo hakuna anayeiandika kwenye ripoti.

Upande wa fedha, mfumo mpya wa bima ya afya wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, unatoa mwanya. Huduma za dispensari na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipwa na mfuko wa afya ya msingi bila mgonjwa kutoa hela. Kuanzia ngazi ya 4 ni lazima mtu awe amelipa mchango, angalau shilingi 300 kwa mwezi, na mlevi wa kibarua ndiye wa kwanza kuchelewesha. Tiba ikiwekwa hospitali kubwa pekee, yeye amebaki nje. Wahudumu wa afya ya jamii, walioidhinishwa nchini kote mwaka 2023, tayari hubisha hodi nyumbani wakiwa na mashine ya kupima presha. Dodoso lile halitaongeza uzito wa begi lao.

Kisha kuna wale watakaorudia chupa, na ni wengi. Kliniki ya presha haimfukuzi aliyeacha vidonge: humuuliza kilichotokea na kumpa tarehe nyingine. Mnywaji naye apewe kadi ya namna hiyo, na akikosa kufika siku ile, mhudumu wa kijiji chake amfuate kabla wiki haijaisha.