Gari la michezo kutoka vyuma chakavu: Injini kuwaka si mwisho wa safari

KATIKA gereji bubu nyingi za miji na vitongoji vya nchi hii ipo ndoto moja isiyozeeka. Ni ndoto ya fundi kijana anayetaka kuunda gari lake mwenyewe; si la mizigo, bali gari la michezo, lile la viti viwili linalokaa chini karibu na ardhi na kuwafanya wapita njia wasimame kulitazama.

Mara nyingi ndoto hiyo huanza na injini iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali. Siku injini hiyo inapounguruma juu ya fremu mpya, majirani hushangilia na wengi hudhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, na hapo ndipo miradi mingi ya aina hii hufia.

Tuchukue mfano wa fundi aliye Maramba, mji mdogo wa Wilaya ya Mkinga mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Tanga ni mkoa wa mkonge, na mashamba ya mkonge hayawezi kuishi bila karakana, wachomeleaji na mafundi mitambo. Kwa maana hiyo, ujuzi wa kufufua chuma kilichokufa si jambo geni katika eneo hilo. Je, fundi huyo anaweza kuunda gari la michezo?

Jibu ni ndiyo. Mwaka 1948, Mwingereza Colin Chapman alilifumua gari kuukuu aina ya Austin Seven na kuunda gari lake la kwanza la mashindano. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya Lotus. Mwaka 1957 kampuni hiyo ilitoa Lotus Seven, gari jepesi la viti viwili ambalo mteja aliweza kununua vipuri vyake na kuliunganisha mwenyewe nyumbani, na hivyo kukwepa kodi iliyotozwa magari yaliyokamilika.

Karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1996, Mwingereza mwingine, Ron Champion, alichapisha kitabu kinachoeleza namna ya kuunda gari la mfano huo kwa kuchinja gari la kawaida aina ya Ford Escort. Na Januari 2023, mjini Kabul, Afghanistan, timu ya Mohammad Reza Ahmadi ilionyesha gari la michezo lililopewa jina la Mada 9. Injini yake ilikuwa ya Toyota Corolla, gari ambalo hata Tanga halihitaji kutambulishwa.

Siri ni uzito

Wengi hudhani kwamba gari la michezo ni lazima liwe na injini kubwa. Sivyo. Siri yake ya kwanza ni wepesi.

Chukua injini yenye nguvu ya farasi 100 katika gari la kilo 1,000. Kila farasi mmoja anabeba kilo 10. Hamishia injini hiyo hiyo katika gari la kilo 600, na kila farasi atabeba kilo sita tu. Injini haikubadilishwa hata skrubu moja, lakini gari limekuwa jipya kabisa.

Wepesi huo unatokana na fremu. Fundi wa magari haya hutumia mabomba membamba ya chuma ya mraba, akiyaunganisha kwa umbo la pembetatu. Sababu yake ni rahisi kuithibitisha kwa vijiti vitatu na misumari: pembetatu haipindi, lakini mraba husukumwa ukalala upande. Fremu isiyo na pembetatu hujinyonga kila gurudumu linapopita kwenye shimo, na baada ya miezi michache viungo vilivyochomelewa huanza kupasuka.

Kuhusu injini, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta gari linalosukuma kwa magurudumu ya nyuma, kisha injini, giaboksi, propela na difu vikapangwa kwa mfuatano ule ule. Ya pili ni kuchukua injini na giaboksi ya gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele, kama Corolla, na kuvihamishia vyote kwa pamoja nyuma ya viti. Toyota wenyewe walifanya jambo linalofanana na hilo walipotoa MR2 mwaka 1984, wakatumia vipuri vingi vya magari yao ya kawaida.

Njia hiyo ya pili inavutia, lakini ina mitego. Radieta ikibaki mbele na injini ikiwa nyuma, mabomba ya maji huwa marefu na hewa hunaswa ndani yake. Injini huchemka ingawa maji yamejaa, na fundi asiyejua chanzo anaweza kubadilisha gasketi mara tatu bila mafanikio. Dawa yake ni kuweka tundu la kutolea hewa katika sehemu ya juu kabisa ya mfumo wa maji.

Kipi kitumike, kipi kitupwe

Vyuma chakavu vina neema yake, lakini si kila kilichotoka kwenye gari lililokufa kinastahili kuingia katika gari jipya. Bloku ya injini, giaboksi, rimu na viti vinaweza kutumika vikikaguliwa vizuri. Mipira ya breki, pedi, boljointi, tairodi na mikanda ya usalama inapaswa kununuliwa mipya. Hapo si mahali pa kubana matumizi.

Breki ndiyo somo kubwa zaidi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza huongezeka mara nne. Aidha, breki za Corolla zilipangwa kwa gari lenye injini mbele. Injini ikihamia nyuma, mgawanyo wa uzito hubadilika, na mgawanyo wa breki ni lazima upangwe upya. Vinginevyo, magurudumu ya mbele yatakamata mapema na usukani hautatii, au ya nyuma yatatangulia kukamata na gari litazunguka kama pia.

Yapo makosa mengine mawili yanayofanyika mno gerejini. La kwanza ni kuchomelea fremu huku betri na kontroli boksi vikiwa vimeunganishwa; umeme wa mashine huweza kuunguza kontroli boksi kwa dakika moja. La pili ni kuchomelea tangi la petroli kwa kuamini kuwa ni tupu. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke huo ndio unaolipuka.

Kwa upande wa bodi, wengi hutumia faibaglasi. Kwa mkazi wa Tanga lipo wazo la ziada: nyuzi za katani zimekwisha kutumika viwandani kutengenezea paneli za ndani za magari. Hata hivyo, katani hunywa maji, hivyo ni lazima ikaushwe sawasawa kabla ya kupakwa gundi. Na ikumbukwe kwamba barabara za udongo na changarawe za vijiji vya Mkinga hazina huruma kwa gari lililo chini mno. Anayejenga kwa ajili ya huko hana budi kuliinua kidogo, hata kama urembo utapungua.

Vikwazo si vya fundi mdogo pekee

Kukwama si aibu. Usiku wa Juni 4, 1896, mjini Detroit, Marekani, Henry Ford alimaliza gari lake la kwanza lililotumia magurudumu kama ya baiskeli, akagundua kuwa halipiti mlangoni. Alilazimika kuvunja ukuta wa kibanda chake ili alitoe nje.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari, na Februari 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa Kasarani. Yaliundwa matano ya majaribio, lakini hayakufika sokoni kwa sababu fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana.

Nchini Uganda, Novemba 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kilifanyia majaribio gari la umeme la viti viwili, Kiira EV. Kazi hiyo haikuishia kwenye maonyesho, kwani ilizaa kampuni ya Kiira Motors. Hapa nchini, Machi 2022, mchoraji katuni na mtangazaji Masoud Kipanya alizindua jijini Dar es Salaam gari la umeme chini ya jina la Kaypee Motors.

Tofauti ya visa hivyo haiko katika akili za waundaji. Iko katika kile kilichofuata baada ya gari la kwanza kutembea: fedha, taasisi na subira.

Kwa fundi wa Maramba, kinachofuata ni sheria. Gari haliruhusiwi barabarani kwa sababu tu linatembea. Ni lazima lisajiliwe na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), liwe na namba, liwe na bima ya mtu wa tatu na litimize matakwa ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Gari lililoungwa kwa vipuri vya magari matatu, lenye fremu isiyo na namba ya chesisi, litaibua maswali mengi.

Ndiyo maana busara ni kwenda kuuliza ofisi husika kabla ya kukata bomba la kwanza, si baada ya kupaka rangi. Aidha, kila kipuri kiwe na stakabadhi na kadi ya gari lililochinjwa itunzwe. Kijana asiyeweza kueleza alikopata injini yake anaweza kujikuta akihesabiwa pamoja na wezi, ingawa ameinunua kwa jasho lake.

Mamlaka nazo zina wajibu. Kijana aliyetumia akiba yake yote kuunda gari akaishia kupigwa marufuku bila maelekezo hatathubutu tena, na wenzake waliokuwa wakimtazama watajifunza kwamba ubunifu haulipi. Kumweleza mapema vigezo anavyopaswa kutimiza ni gharama ndogo kuliko kuupoteza ujuzi wake.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Anayetaka kuunda gari la michezo na aanze na breki na usukani, amalizie na rangi. Gari lisiloweza kusimama halina haki ya kwenda mbio.