Kuchunga Maji ya Visima Karibu na Shimo la Takataka

Watu wa Bendera wanajua vizuri nguvu ya maji yanayoonekana. Mashine za umeme za mto Kyimbi zilijengwa katika miaka ya 1950 juu ya nguvu hiyo. Lakini kuna maji mengine yasiyoonekana: ni yale yanayotembea chini ya udongo mpaka kisimani, na toka kisimani mpaka mtungini. Leo tunataka kusema juu ya hayo. Swali ni hili: mahali wakaaji wanapoongezeka, na takataka zinatupwa shimoni, tutajua namna gani kama maji ya visima vya karibu yangali safi?

1. Ginsi uchafu unavyoshuka

Wazee wetu walitengeneza chumvi kwa kumwaga maji juu ya majivu ya majani: maji yalitoka chini yamebeba chumvi. Mvua inafanya vile vile juu ya takataka. Inapita ndani yake na kutoka chini nyeusi, yenye kunuka, imebeba chumvi, amonia na mikrobi. Kama watu wametupa humo mapile ya radio na mafuta ya moteri, inaweza kubeba hata madini ya risasi na sumu nyingine. Maji hayo yanashuka mpaka kuchanganyika na maji ya chini. Udongo wa mfinyanzi unayakawisha. Mchanga na mawe yenye nyufa yanayapitisha upesi. Pengine yanatembea metri chache tu kwa mwaka, na uchafu wa leo utafika kisimani wakati watoto wetu wamekuwa watu wazima. Ukisha kufika, hakuna anayeweza kuutoa upesi.

2. Macho hayatoshi

Wengi wanazani kwamba maji meupe ni maji mazuri. Mwaka 1854, katika mtaa mmoja wa London, watu zaidi ya 600 walikufa kwa kolera. Mganga John Snow alionyesha kwamba wengi wao walikunywa maji ya kisima cha Broad Street, ambacho watu walikipenda. Kasisi kijana wa Kianglikana, Henry Whitehead, hakusadiki. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza, ili amshinde mganga. Kumbe aliyoyakuta yalithibitisha neno la mganga. Mtoto mchanga aliugua, mama yake akamwaga maji ya nguo zake katika shimo la choo mbele ya nyumba, na shimo hilo lilivuja kisimani, umbali usiofika metri moja. Kasisi huyo hakuwa na mashine yo yote. Alikuwa na miguu, masikio na daftari.

3. Namna ya kuchunga

Sheria ya nchi za Ulaya ya mwaka 1999 inadai kuwe walau na kisima kimoja cha kupimia upande maji yanapotoka kabla ya kufika jalalani, na viwili upande yanapokwenda. Kisima cha juu ni shahidi: kinatuambia maji yalivyokuwa mbele ya kukutana na takataka. Bila shahidi huyo hatuwezi kujua kosa ni la jalala ao la udongo wenyewe.

Tupime nini? Kwanza, ginsi maji yanavyopitisha umeme. Chombo chake ni kidogo, chenye kushikwa mkononi. Chumvi ikiongezeka, namba inapanda. Namba ikipanda katika visima vya chini peke yake, hiyo ni alama ya hatari. Pili, nitrati: Shirika la Afya Duniani linasema isipite miligramu 50 katika lita moja. Ikipita, inaweza kuzuia damu ya mtoto mchanga isibebe hewa. Tatu, mikrobi za mavi: katika mililita 100 za maji ya kunywa isionekane hata moja. Tupime wakati wa mvua na mwisho wa kiangazi, tena kila mwaka, na kuandika yote katika buku moja. Namba moja haisemi kitu; namba za miaka mitano zinasema.

4. Kazi yetu

Tusiseme shimo letu ni dogo. Kampala ilifungua jalala la Kiteezi mwaka 1996. Takataka zilirundikana, na mwezi wa Agosti 2024 mlima huo ulibomoka na kuua watu zaidi ya 30. Buku linapashwa kuanza wakati shimo lingali dogo.

Mwalimu wa dini anajua kila nyumba ya kitongoji chake, na anajua nani anateka wapi. Basi aandike visima vyote, na kupeleka habari kwa waganga wa zoni ya afya. Choo kikae metri 30 mbali na kisima. Shimo la takataka mbali zaidi, upande wa chini. Tena awafundishe watu: kuchemsha kunaua mikrobi, lakini hakuondoi nitrati wala risasi. Kisima kilichoingia sumu hiyo kisitekwe tena kwa kunywa, hata kama maji yake yanang'aa. Kukifunga kutaleta manung'uniko, kwani njia ya maji mengine pengine ni ndefu. Kwa sababu hiyo tuonyeshe buku mbele ya wote, ili kila mama asome ao asomewe, na aelewe sababu.