Gift: Zawadi, Ndoa, Sumu

Mwingereza akipokea gift hushukuru. Mjerumani akiliona neno hilo kwenye chupa haigusi, kwa sababu kwake Gift ni sumu. Mswidi anayesema jag är gift anakuarifu kwamba ana mke au mume, na akitaka kutaja sumu atatumia gift vilevile. Watu husimulia jambo hili wakacheka, wakidhani lugha za Ulaya zimegongana kwa bahati tu. Kudhani hivyo ni kulipunja neno lenye nasaba inayofuatika.

Shina ni kitenzi cha kupa katika lugha ya kale iliyozaa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Leo Waingereza wanacho kama give, Wajerumani geben. Gift ni kitu kinachotolewa. Ndoa iliingia kwa mlango huo, maana binti alitolewa na ukoo wake. Katika Kiingereza cha kale gift ilikuwa mahari, na mwanzo wake ulitamkwa kama y. Sauti ya g ililetwa na Waskandinavia waliohamia Uingereza.

Sumu ndiyo yenye kisa. Wagiriki waliita kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa dosis, yaani utoaji, kutokana na kitenzi chao cha kupa. Matabibu wa Kilatini wakalichukua. Wajerumani wa Zama za Kati hawakulikopa. Walilifasiri kwa neno lao lenye maana ileile, gift. Kutoka kipimo cha dawa, likawa tafsida ya kipimo kinachoua. (Dozi yetu ya hospitalini, iliyotufikia kupitia Kiingereza, inatokana na dosis hiyohiyo.) Mswahili hana haja ya kufafanuliwa sana hapa. Mtu akifa ghafla, majirani hunong'ona kwamba "alipewa kitu", na hakuna anayeuliza kitu gani.

Tafsida ikizoeleka sana humla mwenyeji wake. Gift ya Kijerumani ilikuwa nomino ya kike. Ilipokuwa sumu ikahama jinsia, mwishowe ikatulia kwenye isiyo ya kike wala ya kiume, das Gift. Maana ya zawadi ikafukuzwa, Geschenk ikashika nafasi yake. Kilichosalia ni die Mitgift, mali anayoondoka nayo bibi harusi kwao, ambayo bado ni ya kike kama zamani. Waholanzi walitenganisha vizuri zaidi: gift ni mchango au zawadi, gif ni sumu.

Mwaka 1924 mwanasosholojia wa Ufaransa Marcel Mauss aliandika makala fupi kuhusu neno hili, kabla ya insha yake mashuhuri juu ya zawadi. Maelezo ya dosis hayakumtosheleza. Yeye aliwakumbuka Wajerumani wa kale, ambao zawadi yao kuu ilikuwa kinywaji: anayepokea kikombe hajui kilichomo, na zawadi yenyewe humfunga. Nadhani kwa asili ya neno wanaisimu ndio wenye ushahidi, ila Mauss aliona kwa nini watu hawakusita kuliacha libebe maana zote mbili.

Linalonikera ni kwamba sisi tunafanya yaleyale bila kujali. Dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya kupulizia nyanya: zote ni sumu, tumeziita dawa, kisha tunaziweka rafu moja na dawa ya kikohozi ya mtoto. Kamusi zetu nazo nyingi huonyesha tu kwamba neno limetoka Kiarabu au Kiingereza, zikaishia hapo, bila kueleza lilivyogeuka maana njiani. Padri Charles Sacleux alijaribu kufuatilia asili za maneno ya Kiswahili katika kamusi yake iliyotoka Paris kati ya 1939 na 1941, lakini aliyaeleza kwa Kifaransa, na wengi wetu hatuwezi kuyasoma.

Kwa Wajerumani, neno Gift limezaa ukoo mkubwa: Giftpilz ni uyoga wenye sumu, Giftschlange nyoka wa sumu, giftgrün kijani kikali cha kutisha. Giftschrank ni kabati la mfamasia lenye kufuli, na maktabani ni mahali pa vitabu visivyoazimwa ovyo. Nao Denmark, ambako gift pia ni sumu, wana Giftlinjen, simu ya kupiga mtoto akinywa kitu kibaya, usiku au mchana.