MKATE WA SENENE WA KUSAGA

Kama umezaliwa Bukoba au Muleba, huna haja ya kuambiwa senene ni nini. Mvua za Novemba zikishika, kila mtu hutazama kwenye taa usiku. Akionekana wa kwanza, nyumba nzima huamka. Na kama una mtoto au ndugu aliyehamia Mwanza au Dar es Salaam, unajua atakachokuuliza kwanza kwenye simu: "Je, senene wameanguka?"

Senene ndiye nyama ya porini ambayo Mhaya huikumbuka akiwa mbali. Husafirishwa kwa basi na kwa meli, wakiwa wamekaangwa na kufungwa vizuri. Mtu akifungua kifurushi hicho mjini, harufu peke yake humrudisha nyumbani.

Lakini msimu ni mfupi. Senene huja kwa wingi Novemba na Desemba, na tena kidogo Aprili na Mei. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuwasafisha, kuwakausha, kuwasaga, na kuwatia ndani ya mkate ili nyumba nzima ile. Neno "nyumba nzima" tutalirudia baadaye, kwa sababu lina maana kubwa.

SENENE SI NZIGE

Watu wengine huwachanganya senene na nzige. Mtazame vizuri. Senene ana kichwa kilichochongoka, na vipapasio vyake ni virefu kama nyuzi. Vipapasio vya nzige ni vifupi. Senene wengi ni wa kijani, wengine ni wa kahawia, na wachache wana rangi ya zambarau. Hula zaidi maua na mbegu za majani. Hawamalizi shamba kama nzige wafanyavyo.

Tofauti hii ina faida. Nzige wakivamia nchi, hupuliziwa sumu. Hivyo ndivyo ilivyofanyika mwaka 2020 nzige wa jangwani walipoingia Kenya na Uganda. Mdudu aliyeokotwa mahali palipopuliziwa sumu haliwi, hata akiwa senene. Usiokote senene katika shamba lililopigwa dawa.

NANI ALIKUWA ANAKULA?

Zamani hapakuwa na mitego ya mabati na taa kali. Wanawake na watoto waliamka alfajiri, wakaenda kwenye nyasi huku umande ungali mbichi. Senene aliyelowa haruki upesi. Waliwaokota mmoja mmoja, wakarudi nyumbani, wakawanyonyoa na kuwapika.

Kisha waliompa nani? Walimpa baba. Kwa desturi ya Wahaya wa zamani mwanamke hakula senene, kama vile hakula kuku na mayai. Mume aliyeletewa senene alimshukuru mkewe kwa kumnunulia vazi jipya. Vazi ni zawadi nzuri, lakini vazi halijengi mwili. Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha ndio waliohitaji chakula kile kuliko wote, nao ndio walionyimwa.

Siku hizi wanawake wengi wanakula senene, na hakuna lililowapata. Hata hivyo, ziko nyumba ambazo sahani nzuri bado hutengwa kwa baba na wageni, na mama hula kinachobaki. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Vikundi vilikaa pamoja, vikasikiliza na kujadiliana juu ya chakula bora. Swali la nani anakula nini nyumbani halijaisha tangu siku zile.

Ndizi zetu hutupa nguvu, lakini protini yake ni kidogo. Senene mkavu ana protini nyingi, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Ana mafuta mengi pia. Kwa hiyo ndizi na senene husaidiana vizuri.

KUSAFISHA

Chukua senene walio hai au waliokufa muda si mrefu. Wanaonuka vibaya watupe.

1. Ng'oa mabawa, miguu na vipapasio. Miguu ina miiba midogo inayokwaruza vidole. Jivu safi kidogo mikononi huzuia kuteleza.
2. Pepeta ili mabawa yaruke.
3. Osha kwa maji safi mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke meupe.

Kazi hii ni ndefu. Isiachiwe mama peke yake. Baba na watoto wana vidole pia.

KUKAANGA NA KUKAUSHA

Weka senene katika sufuria pamoja na chumvi na maji kidogo. Usitie mafuta. Funika, uchemshe. Maji yakikauka, mafuta ya senene wenyewe yatatoka. Hapo funua na ukoroge bila kuacha, kwa moto mdogo, mpaka wawe rangi ya kahawia na wasikike wakikwaruza sufuria. Senene wa namna hii wako tayari kuliwa.

Kama unataka kuwaweka kwa miezi ijayo, endelea kuwakausha. Watandaze juani kwenye mkeka safi au ungo, uwafunike kwa chandarua ili nzi wasitue. Au watandaze juu ya jiko, wapate moto na moshi polepole. Senene aliyekauka vizuri huvunjika kwa sauti ukimbonyeza. Akijikunja bila kuvunjika, bado ana maji, naye ataota ukungu.

Wapoze kabisa kabla ya kuwafunga. Watie katika chombo kikavu chenye kifuniko, ukiweke mahali pasipo na jua.

KUSAGA

Twanga senene wakavu katika kinu safi. Usitazamie unga mweupe kama wa mahindi. Kwa sababu ya mafuta yao, watakuwa kama nyama ya kusaga: punje punje, zenye kushikana kidogo.

Twanga wanaotosha siku mbili au tatu tu. Senene mzima hukaa muda mrefu, lakini aliyesagwa mafuta yake huchacha upesi. Harufu ikibadilika, usile.

Kusaga kuna faida tatu. Mzee asiye na meno hula bila taabu. Mtoto mdogo hakwami koo. Na faida ya tatu ni hii: senene wazima ni rahisi kuwatenga, hawa wa baba, hawa wa wageni. Senene waliosagwa na kuchanganywa na kitunguu na nyanya hukaa katika sufuria moja, na kila mtu huchota.

KUTENGENEZA MKATE

Kwa watu wanne, tayarisha:

- kikombe 1 cha senene waliosagwa
- kitunguu 1 kikubwa
- nyanya 2 zilizoiva
- pilipili hoho 1, kama ipo
- vipande 8 vya mkate, au chapati 4

Katakata kitunguu, ukikaange kwa mafuta kidogo sana mpaka kilainike. Tia nyanya na hoho, upike mpaka ziwe rojo. Sasa mimina senene. Koroga, ongeza maji vijiko 3 au 4, uache vichemke kwa dakika 5. Mchanganyiko uwe mzito. Ukiwa na maji mengi utalowesha mkate. Onja kabla ya kutia chumvi, maana senene walikwisha kutiwa wakati wa kukaanga.

Pasha mkate moto pande zote mbili. Paka mchanganyiko juu ya kipande kimoja, funika kwa kingine, ukandamize kwa kiganja. Ukitumia chapati, ikunje. Kula ungali wa moto, na chai au kahawa.

Kama mkate haupo, usisikitike. Mchanganyiko huu huliwa vizuri na ndizi za kuchemsha.

HADHARI

Mtu anayewashwa au kuvimba midomo akila kamba wa baharini anaweza kudhurika na senene pia. Anayekula mara ya kwanza aonje kidogo, asubiri. Akivimba uso au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Wanaotega kwa taa kali wasizitazame taa hizo, kwani huumiza macho. Nyaya za umeme zisiguswe kwa mikono iliyolowa.

MWISHO

Ndugu msomaji, msimu ujao, weka akiba ya senene wakavu chombo kimoja. Mwezi wa Februari, wakati hakuna hata mmoja kwenye taa, twanga kidogo, utengeneze mkate. Mpe mama kipande cha kwanza. Ndiye aliyewaokota miaka mingi bila kuwaonja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Utamtambuaje senene na nzige?
2. Kwa nini tusisage senene wengi kwa mara moja?
3. Utajuaje kwamba senene amekauka vizuri?
4. Nyumbani kwako nani hugawa chakula? Nani hupata cha mwisho?
5. Waulize wazee wa kijiji chako: wanawake walikatazwa vyakula gani zamani? Andika majibu yao katika daftari lako.