Vijembe vya Tarabu: Mwimbaji Hulaumiwa, Mtungaji Yu Wapi?

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Ndivyo walivyonena wahenga wetu, na hapa Mwambao hapana pahali ambapo msemo huu hufanya kazi kama kwenye ukumbi wa tarabu. Mwimbaji yu jukwaani, udi na fidla zalia, na wimbo wenyewe ukiusikiliza juu juu ni wa ua, au wa ndege, au wa embe lililoliwa na popo. Lakini pale anapoinuka mama mmoja kwenda kumtunza mwimbaji, akapita polepole mbele ya mwenziwe, noti kaishika juu, ukumbi mzima hujua embe ni nani na popo ni nani.

Wenzetu wa Unguja na Dar es Salaam wameuita mtindo huu mipasho, kwa kuwa mtu hupashwa yake. Sisi twasema vijembe, ama mafumbo. Majina ni mbalimbali, jambo ni moja. Na swali ambalo laulizwa barazani kila mara ni hili: je, utesi huu wa waimbaji ni sanaa, ama ni ghiba iliyovishwa nguo nzuri?

Kushindana kwenyewe si jambo geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi zama za vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19. Kina mama wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama. Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo, na mwanamke aliyekiuka mipaka ya heshima aliweza kujikuta ameimbwa. Kule Unguja, kabla ya mapinduzi ya 1964, vikundi vya tarabu vya wanawake vilijiita Royal Navy na Royal Air Force, kana kwamba waendao si waimbaji bali ni wanajeshi!

Siti binti Saad, aliyezaliwa 1880 huko Fumba na kufariki 1950, aliyaonja haya. Alipopata sifa, na khasa baada ya kwenda Bombay 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, mahasidi walimtungia maneno. Walimcheka kwa sura yake, na wakamkumbusha kuwa ametoka shamba. Siti hakumtaja mtu kwa jina, wala hakutukana. Alijibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Waliomcheka wamesahauliwa majina yao. Jawabu yake ingali yatajwa hadi leo, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Mambo yalichukua sura nyingine Dar es Salaam katika miaka ya 1990. Mwaka 1992, mwaka ule Tanzania iliporudi katika siasa ya vyama vingi, chama cha CCM kiliunda kikundi cha Tanzania One Theatre, maarufu TOT, chini ya Kapteni John Komba. Kulikuwako tayari Muungano Cultural Troupe, cha Norbert Chenga. Maonyesho yao yalikuwa na ngoma, maigizo na sarakasi, lakini tarabu ndiyo iliyojaza ukumbi. TOT ilikuwa na Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Unguja. Muungano ilikuwa na Nasma Khamis. Wimbo wa huyu ulipotoka, watu walingoja jawabu ya yule, na kanda zikavuka mpaka zikafika Mombasa. Mashabiki hawakungoja kujua kama ugomvi ni wa moyoni ama ni wa jukwaani. Waliubeba wakaenda nao majumbani.

Hapa ndipo penye tofauti. Zamani mwimbaji alikuwa chombo cha ugomvi wa watu wengine: walioteta ni waliokaa chini, naye aliwapa maneno. Sasa mwimbaji mwenyewe akawa ndiye habari. Na pato liko hapo, maana mwimbaji hula kwa tunzo. Wimbo wa mapenzi hutunzwa na wapendanao. Wimbo wa kuchoma hutunzwa na mchomaji leo, na kesho aliyechomwa huja kutunza wa kujibu. Ugomvi ukifa, na biashara imelala. Basi nani atautaka ufe?

Sitaingia katika mjadala wa ala na hukumu yake, wanazuoni wapo. Lakini jambo la ulimi halina mjadala. Surat al-Hujurat, aya ya 11 na ya 12, imekataza watu kudharauliana, kupeana majina ya kuudhi na kusengenyana, na katika kukataza dharau imewataja wanawake mbali, baada ya wanaume. Mtume (S.A.W.) naye alieleza kuwa ghiba ni kumtaja nduguyo kwa lile alichukialo, hata kama ni kweli, na likiwa si kweli, huo ni uzushi. Kulitia neno vina na mizani hakulihalalishi.

Hata hivyo, si kila kijembe ni ghiba. Mizani yangu ni hii. Wimbo ukiweza kuimbwa harusi nyingine, mbele ya watu wengine, nao ukafaa, basi hilo ni shairi: limesema tabia, halikusema mtu. Aliyeguswa ana njia ya kutokea. Aweza kukaa kimya, akajirekebisha, na stara yake ikabaki. Lakini wimbo usiofaa ila kwa mtu mmoja, kwa umbo lake, kwa mumewe, kwa nyumba aliyopanga, hilo fumbo liko uchi. Na siku hizi za simu za mkononi, tusi la usiku mmoja husikizwa asubuhi na watoto wa aliyetukanwa.

Alhasili, lawama zote huwaangukia waimbaji, nao aghalabu ni wanawake. Ndio waitwao watesi, ndio wasio haya. Lakini maneno yale nani aliyeyatunga? Aghalabu ni mwanamume, aliyekaa nyuma ya pazia na kalamu yake, amekwisha kulipwa, na kesho yuko safu ya mbele msikitini hana aliyemnyooshea kidole. Ndugu zangu malenga, nasema nanyi: ukiletewa kazi ya kumvua mtu nguo, una hiari ya kuikataa, na una ufundi wa kuigeuza iwe fumbo lenye adabu. Mshale kwenda msituni haukupotea, na kila mshale una aliyeuchonga.