Akeri hadi Nkoaranga: Kanisa lililopimwa kwa shida za familia

Ibada ikiisha katika sharika nyingi za Kilutheri kandokando ya Mlima Meru, watu hawaondoki mara moja. Nje ya mlango kuna mnada. Mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu, chupa ya maziwa: vitu vilivyotolewa sadaka na wasiokuwa na fedha taslimu vinauzwa papo hapo, na fedha inaingia kanisani. Watoto wanapenda sana kipindi hiki. Mara nyingi mnunuzi hulipa bei kubwa kuliko ya sokoni, kisha jogoo anarudishwa kuuzwa tena.

Ni rahisi kuona desturi hiyo ukadhani kanisa limekuwa la wananchi tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo. Huku Meru lilianza vibaya, na mzazi anayempeleka mtoto wake darasa la kipaimara anastahili kuijua habari hiyo ili mtoto akiuliza apate jibu.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili vijana wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walitoka Machame upande wa Kilimanjaro wakapiga kambi Akeri. Walikuja kutafuta mahali pa kujenga kituo. Tatizo ni kwamba wakati uleule Kapteni Kurt Johannes wa jeshi la Wajerumani alikuwa eneo hilo na askari wake. Kwa mtu wa Meru au Arusha aliyewaona, Mzungu mwenye Biblia na Mzungu mwenye bunduki walifika pamoja, kwa njia moja. Usiku morani waliivamia kambi. Ovir na Segebrock waliuawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao.

Adhabu iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko kosa. Johannes alirudi na jeshi na wapiganaji kutoka Kilimanjaro. Watu wengi waliuawa, migomba ikakatwa, nyumba zikachomwa, mifugo ikatekwa. Kukata migomba ya Mmeru ni kumtolea watoto chakula mdomoni. Miaka michache baadaye wenyeji walilazimishwa kujenga boma la Wajerumani pale Arusha, jengo ambalo leo ni makumbusho na wanafunzi hupelekwa kulitembelea.

Wamisionari walirudi. Mwaka 1902 kituo cha Nkoaranga kilianzishwa kwa Wameru, na 1904 kingine Ilboru kwa Waarusha. Hawakupokelewa kwa vigelegele. Mzee mwenye kumbukumbu ya 1896 hakuwa na sababu ya kumtoa kijana wake machungani akakae darasani kwa watu wale. Tena waliobatizwa walitakiwa kuacha mambo ambayo jamii iliyaona ndiyo yanayomfanya mtu awe mtu, kama baadhi ya desturi za jando na ndoa za wake wengi. Kilichowavuta watu taratibu kilikuwa kusoma na kuandika, pamoja na dawa.

Kisha vita vikafanya kazi ambayo wamisionari wenyewe wasingeifanya haraka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walifukuzwa, wakarudi katikati ya miaka ya 1920, na Vita vya Pili vilipoanza wakakamatwa tena. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache. Waliobaki kufundisha, kubatiza, kuzika na kusuluhisha ugomvi wa ndoa walikuwa walimu na wainjilisti wa hapahapa. Usharika ukawa wa watu wanaojuana kwa koo zao.

Tofauti ilionekana 1951.

Serikali ya Waingereza ilikuwa imeamua kwamba ardhi ya Engare Nanyuki, kaskazini mwa mlima, itengwe kwa ajili ya walowezi wa Kizungu wafugaji. Wameru walikuwa wamelipia sehemu ya ardhi hiyo kwa fedha zao. Novemba mwaka huo polisi waliingia. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa. Waliambiwa waende Kingori, sehemu kame yenye mbung'o. Wengi walikataa, wakarudi kubanana kwa ndugu zao mlimani.

Walioongoza mapambano yale walikuwa watu wa kalamu, na kalamu hiyo wengi wao waliipata katika shule za misheni. Wameru walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet akiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi, hadi Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 1952. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Hata hivyo dunia ilikuwa imesikia, na Japhet aliporudi alizunguka nchini akieleza yaliyotokea. TANU ilizaliwa 1954, na kisa cha Meru kilikuwa kimekwisha kuwaamsha wengi. Japhet na Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kilichotoka 1967.

Elimu iliyoletwa na watu waliokuja nyuma ya Johannes ndiyo iliyotumika kuishitaki serikali ya kikoloni mbele ya mataifa. Waliojenga shule zile hawakulipanga hilo.

Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana na kuwa KKKT, na makao makuu yake yako Arusha. Chuo cha wachungaji kilikuwa kimekwisha kuhamia Makumira, karibu na Usa River, na leo ni chuo kikuu. Shule nyingi za kanisa zilitaifishwa baada ya sheria ya elimu ya 1969. Ilboru, ambayo wazazi wengi wanaijua kama shule ya serikali ya wenye vipaji, ina mizizi ya Kilutheri. Baadaye kanisa lilianza upya: mwaka 1995 ilifunguliwa shule ya sekondari ya wasichana Monduli kwa ajili ya mabinti wa jamii za wafugaji, ambao wengine walikuwa wamekwisha kuchumbiwa wakiwa bado watoto.

Upo ukurasa mmoja ambao wazee hawapendi kuusimulia. Mapema miaka ya 1990 Walutheri wa Meru waligombana wao kwa wao juu ya kupata dayosisi yao. Ugomvi ulitoka madhabahuni ukaingia shambani: nyumba ziliharibiwa, mazao yakakatwa, na waliojitenga wakaunda kanisa lao. Safari hii hapakuwa na Mjerumani wa kulaumiwa. Ziko familia ambazo ndugu wa tumbo moja walisali sehemu mbili na kususiana hata misiba.

Kwa mzazi wa leo, hata hivyo, kanisa analokutana nalo zaidi ni lile la hospitali. Nkoaranga ina hospitali, na kando yake kituo cha kulea watoto waliofiwa na wazazi, wengine wachanga. Selian, kule Ngaramtoni, iliongezewa tawi kubwa katikati ya jiji, linalojulikana kama ALMC.

Na hapa kuna jambo la nyumbani kabisa. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru, Ngarenanyuki ikiwemo, yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa miaka mingi meno hugeuka kahawia, na wengine mifupa ya miguu hupinda hadi kutembea kunakuwa shida. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua sufuriani floridi inabaki palepale, ikiwa imekolea zaidi. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yanaweza kuongeza kiasi hicho, kwa hiyo chakula cha mtoto kipikwe bila magadi. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri ni salama zaidi kwa upande wa floridi.

Miguu iliyopinda inaweza kunyooshwa kwa upasuaji. The Plaster House, nyumba iliyopo Arusha ambayo imefanya kazi kwa karibu na ALMC, hupokea watoto kabla na baada ya upasuaji, wakiwa na plasta zao, mpaka wapone. Wapo wenye miguu iliyopinda, wa mdomo sungura, walioungua moto. Dini ya mzazi si sharti. Kinachochelewesha watoto wengi ni mzazi kudhani kwamba miguu ile ni laana, au ni ya ukoo, na kumficha mtoto ndani. Mwenye mtoto wa namna hiyo amwone daktari sasa, kabla mifupa haijakomaa. Kama hajui pa kuanzia, mchungaji au mzee wa kanisa wa usharika wowote wa karibu anaweza kumwelekeza.